UJIRANI UGENINI: Safari ya Mbwa wa Jirani



Mwezi uliopita tulizungumzia adabu za kumzuru mgonjwa hospitalini, na tuliahidi kuendelea na mlango huo huo. Ahadi ni deni, nasi hatukuisahau. Walakini limezuka jambo lililozungumzwa sana msikitini na majumbani mwetu hapa Birmingham, kila mtu na lake, na baadhi ya yaliyosemwa hayakuwa ya kweli. Tumeona ni bora tulieleze lilivyokuwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo lenyewe ni la mbwa.

Tunajua kuwa wako miongoni mwenu watakaoligeuza karatasi hili mara tu watakapolisoma neno hilo. Hao tunawaomba subira ya dakika chache, kwani habari hii ni ya jirani kabla ya kuwa ya mbwa.

Wengi wenu mnamfahamu mzee wa Kiingereza aliyekuwa akikaa nyumba ya pembeni, mkabala na ukumbi wetu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa hatukumwomba ruhusa. Familia zilizofika hapa mwishoni mwa miaka ya 1990 zinakumbuka vyema fadhila zake. Nani aliyekuwa akitusomea barua za halmashauri wakati ambapo hakuna katika sisi aliyeweza kuzielewa? Nani aliyefuatana na mama zetu kwenda kuwaandikisha watoto shule? Hakudai shukurani wala ujira. Akiletewa sahani ya sambusa siku ya Idi aliipokea kwa mikono miwili, na siku ya pili sahani ilirudi imeoshwa na kujazwa tufaha za bustani yake.

Alipofiwa na mkewe, mzee huyo alikwenda kwenye makao ya mbwa waliookolewa akarudi na mbwa jike mwenye umri, jina lake Bess. Mbwa huyo alikuwa ameokotwa hali ya kuwa amefungwa na kutupwa, na kwa sababu hiyo aliogopa kila kishindo. Kishindo cha mlango wa gari kilitosha kumtia chini ya meza. Waliishi pamoja, wazee wawili, mpaka mwaka jana ambapo mwenye nyumba alipatwa na kiharusi. Hakuweza tena kurudi kwake. Alipelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee ambayo haipokei mbwa, na Bess akarudishwa kwenye yale makao alikotoka.

Mama zetu wawili walikuwa wakimzuru. Ulimi wa mzee ulikuwa mzito, na maneno aliyoweza kuyatamka ni machache. Lakini kila walipoingia alijitahidi mpaka akalitoa neno moja, nalo ni jina la yule mbwa. Mama zetu, ambao katika maisha yao hawajapata kumgusa mbwa, walirudi nyumbani hawana la kumjibu.

Kisha ikaja habari kwamba mpwa wa mzee, bibi mmoja anayekaa Glasgow, ameomba kumlea Bess, na makao yamemkubalia baada ya kumhoji na kuikagua nyumba yake. Karatasi zote zilikamilika. Lililobaki lilikuwa safari. Kutoka Birmingham hadi Glasgow ni mwendo wa karibu maili 300, na bibi huyo hana gari wala hawezi kuendesha. Akawauliza mama zetu kama wanamjua mtu wa kumsaidia. Ndivyo jambo hili lilivyoingia katika jumuiya yetu.

Tulianza kwa kutazama njia zilizopo. Njia ya kwanza ni treni. Nchini Uingereza abiria huruhusiwa kuchukua hadi mbwa wawili bila ya kuwalipia nauli, maadamu wamefungwa kamba au wamo ndani ya kikapu. Kwa mbwa mtulivu hiyo ni njia njema. Lakini kwa Bess, aliyetetemeka kwa kishindo cha mlango, kumpitisha katika stesheni kubwa yenye maelfu ya watu kungekuwa ni kumdhulumu.

Njia ya pili ni kumkodi msafirishaji. Hapa palitaka kutokea hasara, na tunalitaja ili mwengine asiingie mtegoni. Alipatikana mtu kwa simu, akataja bei ndogo na kusema yuko tayari siku ile ile, ila alitaka fedha zote zilipwe kwanza. Mmoja wa vijana wetu akamwuliza maswali mawili tu: kibali chako ni cha namna gani, na mbwa atakaa ndani ya nini? Mtu yule alikasirika, akakata simu, na asipatikane tena. Yafaa ijulikane kwamba, kwa mujibu wa sheria ya usafirishaji wa wanyama, mwenye kufanya kazi hiyo kwa biashara katika masafa yanayozidi kilomita 65 hana budi kuwa na kibali cha serikali. Kiko kibali cha safari zisizozidi saa nane, na kiko kingine cha safari zinazozidi muda huo. Msafirishaji wa kweli haoni haya kukionyesha. Walikuwapo waliokuwa navyo, lakini gharama yao ilimzidi uwezo yule bibi.

Ikabaki njia ya tatu: mtu wetu ampeleke bila ya faida. Hapo ndipo maneno yalipokuwa mengi.

Kijana wetu mmoja, fundi wa umeme, alijitolea. Yeye alidhani atalitumia gari la jumuiya, kwa kuwa ndilo kubwa. Ndugu mmoja mwenye heshima kubwa kwetu alisimama baada ya sala ya Isha akapinga waziwazi. Alisema gari lile ndilo linalobeba tende na futari ya Ramadhani, ndilo linalobeba mikeka ya msikiti, na si halali kulitia mbwa. Wengine walimuunga mkono, wengine walisema maneno makali ambayo hayakustahiki kusemwa mahali pale.

Sisi si mamufti, wala safu hii si mahali pa kutolea fat'wa. Suala lilipelekwa kwa sheikh wetu, naye alilijibu kwa utulivu. Alianza kwa kuyatenga mambo matatu ambayo watu walikuwa wameyachanganya: kumfuga mbwa nyumbani, kuguswa na mbwa, na kumtendea mbwa wema.

Juu ya la kwanza alikumbusha kwamba ziko hadithi sahihi zinazoeleza kupungua kwa thawabu za mwenye kufuga mbwa pasipo haja kama vile kuwinda, kulinda mifugo au kulinda shamba. Lakini hakuna katika sisi aliyetaka kumfuga Bess, basi hilo halikuwa suala letu.

Juu ya la pili alisema kwamba sisi tulio wengi wa watu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, ambayo yanamhesabu mbwa kuwa ni najisi. Kilichoguswa na rutuba yake huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Lakini kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Aliongeza kuwa katika madhehebu ya Imam Malik mbwa aliye hai ni tohara, na kwa Mahanafi mate yake ni najisi lakini si mwili wake. Basi tusiwatoe watu katika dini kwa jambo ambalo maimamu wamehitilafiana. Najisi dawa yake ni maji na udongo, alisema, na vyote viwili havikosekani Birmingham.

Juu ya la tatu alitukumbusha habari tunazozijua sote tangu chuoni: yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe, na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Alituuliza pia ni nani aliyelala kizingitini pamoja na watu wa pangoni katika Suratul Kahf. Kisha akataja haki ya jirani, ambayo Jibril (A.S.) aliikariri kwa Mtume (S.A.W.) mpaka akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi.

Yule ndugu aliyepinga hakubadilisha rai yake kuhusu gari la jumuiya, nasi twaiheshimu rai hiyo. Kwa hivyo kijana alilitumia gari lake mwenyewe la kazi. Yafaa tueleze vile vile, kwa kuwa uvumi umesema vyengine, kwamba ndugu huyo huyo ndiye aliyetoa fedha za mafuta ya kwendea.

Sasa tueleze matayarisho, kwa kuwa hapo ndipo penye faida kwa kila msomaji atakayefikwa na jambo kama hili.

Kwanza ni kizimba. Kanuni za barabarani za nchi hii, katika kanuni ya 57, zinataka mbwa azuiliwe ndani ya gari kwa kizimba, mkanda maalumu au wavu, asije akamshughulisha dereva au kumwumiza, au akaumia mwenyewe gari likisimama ghafla. Makao yalituazima kizimba ambacho Bess aliweza kusimama, kujigeuza na kulala ndani yake. Kilifungwa imara sakafuni, ili kisiteleze kwenye kona. Chini yake palitandikwa karatasi ya nailoni, na juu likawekwa blanketi alilolizoea, lenye harufu ya nyumbani kwake.

Pili ni chakula na dawa. Mbwa asilishwe akashiba karibu na safari, kwani wengi hutapika. Alipewa chakula kidogo usiku wa kuamkia safari, na maji alipewa njia nzima. Kuna aliyeshauri apewe kidonge cha usingizi. Daktari wa wanyama alikataa, akasema dawa hizo zaweza kumlegeza mbwa mzee asiweze kujimudu, na haifai kumpa yeyote bila ya amri ya daktari.

Tatu ni alama ya kumtambulisha. Tangu Aprili 2016 sheria ya England na ya Scotland inamtaka kila mbwa mwenye zaidi ya wiki nane awe na chipu, nacho ni kidude kidogo kama punje ya mchele kinachotiwa chini ya ngozi. Lakini chipu haina faida ikiwa jina na simu zilizoandikishwa ni za mtu asiyeweza tena kuijibu simu. Ya Bess ilikuwa bado na anwani ya mzee. Ilibadilishwa siku mbili kabla ya kuondoka. Shingoni pia mbwa hana budi kuwa na kibati chenye jina na anwani ya mwenyewe anapokuwa mahali pa hadhara.

Nne, na hili ndilo tulilolidharau, ni kamba mbili. Binti mmoja anayefanya kazi pale makaoni alishikilia kuwa Bess avalishwe mkanda wa shingoni na mwengine wa kifuani, kila mmoja na kamba yake, na kamba ya kifuani ifungwe kiunoni mwa mtu. Alisema mbwa waliookolewa hupotea zaidi katika saa za safari na siku chache za mwanzo, kwa sababu hawajui bado nani ni mtu wao na wapi ni kwao. Akaonya pia: kizimba kisifunguliwe wakati mlango wa gari uko wazi, ingieni, fungeni mlango, fungeni kamba zote mbili, ndipo mfungue. Tunakiri kwamba tulicheka. Kamba mbili kwa mbwa mzee asiyeweza hata kuruka ngazi!

Waliondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya joto. Gari lililofungwa huwa tanuri. Nje ikiwa nyuzi 22 tu, ndani zaweza kufika 47 katika muda wa saa moja. Kijana aliendesha, na pamoja naye alikuwa mzee wetu mmoja aliyekulia Ujiji, ambaye utotoni alichunga mbuzi na hana hofu na wanyama. Walichukua maji, glavu, kopo la udongo, na kanzu safi za sala ndani ya mfuko uliofungwa.

Kituo cha kwanza kilipita salama. Cha pili, katika milima ya Cumbria kando ya barabara ya M6, kijana alikuwa amechoka. Alifungua mlango wa nyuma wa gari, kisha, akisahau aliyousiwa, akafungua kizimba. Kamba zote mbili zilikuwa zimefungwa, alhamdulillah. Mara lori moja lililokuwa jirani likatoa breki zake za upepo kwa kishindo. Bess aliruka nje, akarudi kinyumenyume, na mkanda wa shingoni ukamchomoka masikioni kama pete inayovuka kidole chembamba. Kijana alibaki na kamba mkononi isiyo na kitu. Barabara kuu haikuwa mbali hata hatua mia.

Kilichomzuia mbwa yule ni kamba ya pili, ile ya kifuani, iliyofungwa kiunoni mwa mzee wetu. Alimvuta mpaka akaanguka kwa magoti, suruali ikapasuka na magoti yakatoka damu, lakini hakuiachia. Alikaa pale pale sarujini akizungumza naye kwa Kiswahili, pole pole, kama alivyokuwa akizungumza na mbuzi, mpaka Bess akaja mwenyewe kulala ubavuni mwake. Mikono yake ilirowa mate. Baadaye aliiosha mara saba, mara moja kwa ule udongo wa kopo, na kijana akimmiminia maji huku machozi yakimtoka.

Kijana mwenyewe ndiye aliyetutaka tuliandike hili. Alituambia kwamba katika dakika ile hakumfikiria mbwa wala yule bibi wa Glasgow. Alifikiria atakavyosimama mbele ya kitanda cha mzee jirani, na neno lile moja, na yeye hana la kumjibu.

Walifika Glasgow saa saba na nusu mchana. Bibi aliwapokea kwa chai, na akawaonyesha chumba tulivu alichokitayarisha. Waliulizia kibla, wakavaa kanzu zao, wakasali. Walimwachia wasia wa makao: asimfungue kamba nje kwa wiki za mwanzo, madirisha na lango la uwani vifungwe, na aandikishwe kwa daktari wa wanyama wa karibu.

Ndugu wasomaji, safari hii ilikuwa ya ndani ya nchi, na kwa sababu haikuwa ya biashara haikuhitaji kibali. Hilo halimwondolei mtu wajibu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 inamlazimisha kila aliyekabidhiwa mnyama, hata kwa siku moja, amtimizie mahitaji yake na kumkinga na maumivu. Mambo huwa mazito zaidi katika kuvuka mipaka. Wako miongoni mwetu wanaofanya kazi katika nyumba za watu huko Ghuba, nao huagizwa na mabosi wao kushughulikia safari za mbwa. Mbwa wa kuingia Uingereza hutiwa chipu kwanza, ndipo achanjwe kichaa cha mbwa, na hupewa dawa ya tegu baina ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuwasili. Akitoka katika nchi zisizomo katika orodha iliyokubaliwa, kama vile Kenya na Tanzania, hupimwa damu si chini ya siku 30 baada ya chanjo, kisha husubiri miezi mitatu tangu siku ya kutolewa damu. Anayeahidi kumaliza yote hayo kwa wiki moja ni mwongo.

Wala tusiwalaumu wazee wetu kwa khofu yao. Walikulia mahali ambapo kuumwa na mbwa kulikuwa ni kifo. Watu wa Pemba wanalijua hili. Kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani humo, kikarejea mwaka 2016, na kikatokomezwa tena mwaka 2018 kwa kuwachanja mbwa kwa wingi. Khofu hiyo ilikuwa na sababu zake. Mbwa wa jirani zetu wa hapa, kwa uangalizi mkali wa mipaka, hawana ugonjwa huo, na watoto wetu wanaowapigia mayowe njiani yafaa wafundishwe kupita kwa heshima.

Wiki iliyopita ilifika barua kutoka Glasgow, na ndani yake picha: Bess amelala juu ya lile blanketi lake, karibu na moto. Mama zetu wawili waliipeleka katika nyumba ya wazee. Mzee jirani aliitazama kwa muda mrefu, akalitamka lile jina, kisha akaigeuza picha kutazama kama kuna kilichoandikwa nyuma, kama alivyokuwa akizigeuza barua zetu zamani. Ilikuwa imeandikwa tarehe tu. Aliomba iwekwe juu ya kabati, mahali anapoweza kuiona akiwa kitandani.

Siku za kumzuru ni Jumatano na Jumapili, kuanzia saa nane mchana. Mama zetu hao wamechoka, nao wanaomba wa kupokezana nao. Wenye nafasi waandike majina yao katika daftari lililopo mlangoni mwa ukumbi. Kizimba kimerudishwa makaoni kikiwa kimeoshwa. Mwezi ujao, insha Allah, tutarudi katika adabu za kumzuru mgonjwa, ijapokuwa twaona kama hatukutoka humo.

Wabillahi tawfiq.